Miji Kumi na Mmoja na Njia ya Kurudi

9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nalisalimu sikio lako la kulia, na la kushoto pia, ingawa najua hilo lilistaafu kabla yako. Ndiyo maana naandika. Mara ya mwisho tulizungumza kwa simu robo saa nzima, na sehemu kubwa ya robo saa hiyo ulikuwa ukisema, "Rudia, mwanangu."

Huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi; akishuka halisemi kitu. Paa la jikoni tumeliziba pale lilipokuwa likivuja, sasa linavuja pengine. Mama anakusalimu sana.

Kazini bado niko chumba kilekile cha kushonea, nyuma ya dobi ya hospitali. Tuko watatu na cherehani tatu, na msimamizi wetu tunamwita Mkasi, kwa ajili ya ulimi wake, si kwa ajili ya kazi. Mashuka yetu mengi ni ya msaada. Huja kwa marobota, yameshatumika katika hospitali za mbali, na kila shuka lina mhuri wa wino pembeni: jina la hospitali na la mji wake. Kazi yangu ni kukata ukingo wenye mhuri na kupinda upya. Wenzangu hutupa vile vipande. Mimi, tangu mwaka wa kwanza, nikikuta mji nisioujua, kipande nakitia mfukoni. Sasa ninavyo kumi na kimoja, nimeviweka kwenye kopo la biskuti.

Mjomba, nataka kwenda kuiona hiyo miji. Yote, katika safari moja, peke yangu, kwa miezi kumi. Usicheke. Nimeweka akiba miaka tisa. Wiki iliyopita nilikwenda kwa wakala wa tiketi, akabonyeza kompyuta yake muda mrefu, kisha akasema fedha zangu zinanifikisha nusu ya dunia. Nikamuuliza watu wa nusu ya pili hurudije. Akaita mteja mwingine.

Wewe umekaa nyuma ya dirisha la tiketi miaka thelathini na minane. Naomba unifundishe kupunguza gharama, safari iingie ndani ya akiba. Na mama bado sijamwambia, kwa hiyo mkikutana usilitaje.

Mpwa wako,
Sindano


24 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikio la kulia limepokea kwa niaba ya yote mawili. Salamu za mama yako nazo nimezipata, ingawa wewe na mimi tunajua ni wewe uliyezitunga. Si vibaya. Zimetungwa vizuri.

Mimi ni mzima. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini jirani yangu fundi viatu huja jioni, tunacheza bao, ananishinda, anaondoka akiwa amefurahi. Nilimsomea barua yako. Akasema ununue viatu vipya miezi mitatu kabla ya kuondoka, si siku tatu, maana kiatu kipya ni kama mkwe mpya: lazima mzoeane nyumbani kwanza.

Sikucheka. Nitakueleza kwa taratibu, kwa sababu watu wengi niliowauzia tiketi hawakushindwa na umbali. Walishindwa na haraka.

Kwanza, acha kuhesabu safari kwa fedha. Ihesabu kwa siku. Gawanya akiba yako kwa siku mia tatu, utaona siku moja imepewa kiasi gani. Ukishaijua siku yako, kila kitu utakipima kwayo. Chumba chenye dirisha la kuona mto kinaweza kukugharimu siku mbili na nusu za maisha ya barabarani. Mtu akiliona hilo, mto huo ataushukia mwenyewe kwa miguu, bure.

Pili, dunia ni duara, na wanaouza tiketi wanalijua hilo kuliko mwalimu wako wa jiografia. Chagua upande mmoja, mashariki au magharibi, usirudi nyuma hata hatua moja. Kurudi nyuma ndiko kunakomaliza watu. Panga vitambaa vyako juu ya ramani. Ukikuta mji unaokulazimisha kugeuka, uhamishe au uuache. Na miji miwili iliyo jirani usiiunganishe kwa ndege ikiwa kuna treni au basi la usiku. Basi la usiku ni usafiri na kitanda kwa nauli moja, ingawa kitanda chenyewe kina magoti ya abiria wa nyuma.

Kuna mwezi wa kwenda na mwezi wa kutokwenda. Shule zikifungwa, bei hupanda hata kwenye miji isiyo na shule. Wewe nenda wakati wazazi wamebaki nyumbani. Kaa muda mrefu palipo rahisi, pita upesi palipo ghali. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu palipo ghali ndipo pana picha nzuri.

Sasa, jambo la kuwa peke yako. Hoteli zimejengwa kwa wawili wawili. Msafiri mmoja hulipia nusu ya kitanda asiyoilalia. Kwa hiyo tafuta mabweni ya wasafiri, kitanda kimoja, bei ya kitanda kimoja. Na wewe una kitu ambacho wateja wangu hawakuwa nacho. Kila nyumba ya wageni duniani ina pazia lililochanika na foronya isiyo na vifungo. Mwambie mwenye nyumba utamshonea asubuhi mbili, naye akupe malazi ya siku nne. Sindano haina uzito na haihitaji kutafsiriwa.

Mzigo uwe mmoja, wa kubeba begani, usiozidi kilo nane. Zaidi ya hapo utaulipia kila uwanja wa ndege, na mwisho wa safari utakuwa umezinunua nguo zako zilezile mara tatu. Bima ya afya usiiondoe kwenye hesabu. Wewe unafanya kazi hospitali, sina haja ya kukueleza.

Kuhusu tiketi zenyewe, ziko njia mbili. Unaweza kununua tiketi moja ya mzunguko mzima, au ukaunganisha vipande vipande, kila ndege na tiketi yake. Vipande ni rahisi zaidi, tena kwa mbali, ukivinunua mapema.

Je, kwa nini mama yako hajui? Nauliza mara moja tu.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mshukuru fundi viatu. Viatu nimenunua na ninavyo miguuni hivi sasa, ninakanyaga navyo kibao cha cherehani, na mkwe ameanza kulegea.

Mama hajambo. Amegombana na mwenye duka kwa sababu ya uzito wa sukari, akashinda, kwa hiyo wiki nzima tumekuwa na amani nyumbani.

Nimetandaza ramani chini ya kitanda changu, maana ukutani ingeonekana. Nimechagua kwenda magharibi. Miji tisa imejipanga kama vifungo vya shati. Wa nne uko chini sana na wa tisa uko nyuma, lakini nimeuhamisha wa tisa nikaufanya wa pili na umekubali. Begi nimelijaza kama ulivyosema, na siku mbili nimekuwa nikilipeleka kazini na kulirudisha, kupima bega. Sikuwa na mizani, nikaenda wodi ya wazazi nikaomba ile ya watoto wachanga. Kilo saba na nusu. Muuguzi akanipa hongera, akasema tangu aanze kazi hajaona mtoto wa kilo saba na nusu ambaye mama yake bado anatembea.

Akiba nimeigawa kwa siku. Siku yangu ni ndogo, Mjomba, lakini inatosha kula. Nikinunua vipande, nafika miji yote kumi na mmoja na narudi nikiwa na akiba ya wiki tatu.

Juzi nilimuuliza mama, kama mtu anayepitisha maneno tu, kwa nini mtu aliyeuza tiketi za dunia nzima hakusafiri hata mara moja. Akasema, kwa jina analokuita siku zote, "Dirisha? Dirisha alisafiri mara moja." Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ulikwenda wapi? Na kwa nini hujawahi kunisimulia?

Mpwa wako,
Sindano


5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Miwani ilivunjika mguu, na fundi wa miwani naye alikuwa amesafiri. Unaona, kila mtu anasafiri.

Kilo saba na nusu ni nzuri. Toa nusu kilo nyingine. Daima kuna nguo moja ambayo mtu huibeba kwa ajili ya sherehe ambayo hataalikwa.

Nimeiangalia njia yako kwenye atlasi yangu ya zamani. Ni njia ya mtu aliyesikia. Ila nyumbani kwenu umesahau kitu. Chumba chako kitakaa kitupu miezi kumi bila kuingiza hata senti. Chumba kilichofungwa kinamhudumia panya peke yake. Kipangishe, na pango la mpangaji likusukume angalau miji miwili. Fedha badilisha mara chache na kiasi kikubwa kidogo kila mara, wala usizibadilishie kwenye uwanja wa ndege, kwani pale wanajua huna pengine pa kwenda. Picha za pasipoti piga kabla ya kuondoka, chukua ishirini.

Tiketi za ndege nunua miezi mitatu au minne kabla. Baada ya hapo kiti kilekile kinapanda bei kama mtu aliyegundua unamhitaji.

Kuhusu swali lako la mwisho, ilikuwa safari fupi na haina mafunzo ya bei.

Hujanijibu kuhusu mama yako. Nilisema ningeuliza mara moja, kwa hiyo hili si swali.

Mjomba wako


18 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Kwa kifupi, kwa sababu Mkasi amesimama mlangoni: nimenunua! Juzi, tarehe 16. Vipande kumi na viwili, naondoka tarehe 1 Agosti, narudi mwanzoni mwa Juni. Wakala alinitafutia vya bei ya chini kabisa. Havibadilishwi tarehe. Nikibadili nia ndani ya siku thelathini wananirudishia fedha kwa kukata robo. Baada ya hapo hakuna kitu. Nikamwambia mtu aliyengoja miaka tisa habadili nia.

Chumba siwezi kupangisha. Mama yuko chumba cha pili, siwezi kumwekea mgeni mlango wa pili.

Na yeye bado. Nitamwambia siku zikikaribia, ili hasira yake iwe fupi.

Sindano


29 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako imefika asubuhi hii, nami najibu asubuhi hii. Leo sina habari za nyumbani.

Zirudishe hizo tiketi. Kubali ikatwe robo. Una hadi tarehe 16 Mei.

Sasa nikueleze sababu, ambayo nilipaswa kukueleza Januari. Niliiandika wakati ule, ukurasa mzima, nikauchana. Kwa hiyo kosa la tiketi zako ni langu, na sitaki ulibebe wewe.

Ulikuwa na miaka minne. Kampuni yetu ilikuwa na desturi: mfanyakazi akitimiza miaka kumi, hupewa safari moja bure, popote. Lakini tiketi ya mfanyakazi haina kiti. Unasimama pembeni hadi abiria waliolipa wote wapande. Kikibaki kiti, unakaa. Kisipobaki, unarudi kesho. Nilikuwa kijana mwenye majivuno, na niliwaambia watu wa nyumbani kwamba nimenunua tiketi kwa fedha zangu. Bibi yako alijisifu kwa majirani. Mama yako alinishonea koti la safari.

Nilikwenda mbali, wiki tatu, na nilijibana vizuri sana. Nililala mabwenini, nilipika mwenyewe, nilitembea kwa miguu. Yote niliyokufundisha niliyajifunza huko. Siku ya kumi na moja nikapata simu kwamba bibi yako amezidiwa, nirudi. Jioni ile nilikuwa uwanja wa ndege.

Shule zilikuwa zimefungwa. Ndege ilikuwa moja kwa siku, nayo ilijaa. Kesho yake ikajaa. Fedha za kununua kiti halisi sikuwa nazo, maana nilikwenda na za kula tu. Siku nne nilikaa karibu na dirisha la kampuni yangu mwenyewe, na karani wa ndani, kijana mpole, aliniambia kila siku maneno ambayo mimi nimewaambia watu maelfu: "Subiri pembeni, bwana."

Siku ya tano kilipatikana kiti. Nilifika wamemzika jana yake.

Mama yako alikuwa amemuuguza peke yake. Alinikuta mlangoni nikiwa na koti lake mwilini. Nikasema ndege zilikuwa zimejaa. Akasema, "Wewe unayeuza nafasi, ukakosa nafasi?"

Jibu lilikuwepo, lakini lilikuwa na uongo wangu ndani yake. Kusema kwamba sikuwa na kiti kungekuwa kusema kwamba sikuwa nimelipa, na kwamba mama yetu alikufa akijisifia kitu ambacho hakikuwepo. Nikanyamaza. Yeye akaelewa kwamba nilikuwa nikimalizia likizo yangu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nami nimekaa miaka thelathini na uchi wangu. Tunasalimiana kwenye harusi. Basi.

Kwa hiyo sikiliza. Kata nyama. Kata hoteli, kata mwezi mzima, kata miji. Lakini ile tiketi moja ya mzunguko, ambayo nilikupitisha juu juu, ni ghali kwa sababu moja tu: tarehe zake hubadilishwa. Ukiitwa nyumbani, unakwenda dirishani, wanakupa kiti. Hiyo ndiyo gharama isiyopunguzwa. Goti la mama yako linapanda ngazi kwa shida, umeniandikia mwenyewe.

Mwambie. Barua hii unaweza kumsomea au usimsomee. Sitakuuliza.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 8. Tarehe 13 nilikwenda kwa wakala nikarudisha vipande vyote kumi na viwili. Alinitazama kama mtu anayerudisha mtoto. Robo imekwenda, na sijaililia, au tuseme nimeililia ndani ya basi tu.

Jioni hiyohiyo nilimwambia mama. Alikuwa akikunja nguo. Nilianza na safari, akaweka shati chini, akasema haiwezekani, akasema peke yako kama nani, akasema dunia si sebule. Halafu akasema, "Ni Dirisha amekufundisha haya." Nikatoa barua yako, nikamsomea.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniambia nirudie pale penye siku nne. Nikarudia. Akachukua shati lile akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akauliza, "Alikula nini siku hizo nne?"

Nikamwambia hujaandika. Akasema, "Muulize."

Basi nakuuliza.

Baada ya hapo akaendelea na nguo zake. Mimi nikakaa na ramani, safari hii ikiwa mezani. Tiketi ya mzunguko inaruhusu vituo vichache. Nimekata miji mitatu: wa nne, ule wa chini sana, wa sita na wa kumi. Imebaki minane. Miezi imekuwa minane. Na bado fedha zilipungua kwa mishahara yangu miwili. Nikamwambia mama basi, nitangoja mwaka mwingine.

Jumapili akaja kukaa kitandani kwangu. Haya ndiyo maneno yake, sijaongeza chumvi:

"Tupangishe nyumba yote. Chumba kimoja hakina faida."

"Na wewe utakaa wapi, mama?"

"Kwa huyo anayejua kupunguza gharama. Ana vyumba vitatu na sikio moja. Atanipa kimoja, na nikichoka naye nitakaa upande wa kushoto."

Mjomba, hakuniomba nikuulize kama unakubali. Mimi ndiye ninayekuuliza.

Mpwa wako,
Sindano


1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako: mkate, kila siku mkate, na siku ya tatu mwanamke mfagiaji alinipa yai la kuchemsha.

Chumba kiko tayari. Kina dirisha mashariki na ngazi hakuna. Fundi viatu amenisaidia kukipaka rangi, na ametaka kujua kama mama yako anacheza bao.

Mjomba wako


11 Oktoba

Mjomba mpendwa, mama mpendwa,

Shikamooni. Naandika kutoka mji wa nne, ambao hapo zamani ulikuwa wa tano. Viatu ni vizima. Fedha ya siku inanitosha, na siku nyingine inabaki. Mwenye nyumba ya wageni ana mapazia kumi na sita, nimeshamaliza tisa, na tangu Jumatatu iliyopita silipi kitanda. Ameniletea binti yake nimfundishe kupinda ukingo.

Hospitali niliiona juzi. Ni jengo la rangi ya maziwa yaliyochacha, na nyuma yake kuna dobi kama yetu. Nilimwonyesha mama mmoja pale kile kitambaa chenye mhuri. Alikishika muda mrefu, kisha akaenda ndani, akarudi na kibao chenye mpini. Ni mhuri wenyewe. Ndiye anayeugonga. Hatukuwa na lugha ya pamoja, kwa hiyo tulicheka tu, na mwisho akanigongea mhuri kwenye daftari langu, sasa niko kwenye orodha ya mashuka yao.

Miji ya watu siisifu sana, Mjomba; mingi ni kuta na mabasi. Lakini nyuma ya kila hospitali kuna mtu anayekunja.

Sasa navuka ile bahari kubwa. Naondoka Jumanne ya tarehe 27 usiku, nafika Alhamisi asubuhi. Jumatano sitaiona kabisa. Mweleze mama asije akafikiri nimeficha kitu tena.

Sindano wenu


6 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Kadi yako ya kufika imepatikana, tumeshusha pumzi.

Nikupe habari za nyumbani. Wapangaji wenu, wale walimu wawili, wamelipa bila kukumbushwa na wameliziba paa la jikoni, na halivuji popote. Mama yako hakufurahi. Anasema paa lile lilikuwa likimjua yeye. Huku amehamisha vyombo vyangu vyote, hata chumvi sijui ilipo, naye huniuliza nilikuwa nikiishije. Vile vitambaa vitatu ulivyoviacha amevishonea pamba: mji wa nne ni wa kushikia sufuria, wa sita ni wa kushikia birika, wa kumi ameuweka akiba. Fundi viatu ameshindwa bao mara kumi na moja mfululizo na ameacha kuja kila jioni. Sasa huja mara mbili kwa siku.

Ramani iko ukutani sebuleni. Kila asubuhi kabla ya chai mama yako huuliza, "Leo yuko wapi?" nami huonyesha kwa fimbo.

Jumatano ile, tarehe 28, aliuliza, nikasema leo hayupo popote. Ilinibidi nimweleze haraka. Nikachukua chungwa na taa ya mezani. Nikamwonyesha upande wenye mwanga na upande wenye giza, na jinsi mtu anayelifuata jua kuelekea magharibi anavyoirefusha kila siku yake kidogo kidogo bila kujua, hadi akizunguka dunia nzima anakuwa amehesabu siku moja pungufu kuliko waliobaki nyumbani. Ili tarehe yake na yetu zikubaliane, nikamwambia, watu wamepiga mstari katikati ya bahari, na anayeuvuka anaiacha siku moja pale.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza hiyo Jumatano inachukuliwa na nani. Nikaanza upya, na chungwa, na taa.

Akaniwekea mkono kwenye fimbo. Alisema upande wa kulia, ili nisikie.

"Kaka, wewe nilikungoja siku nne. Hiyo moja ya mtoto hainishindi."

Miaka thelathini hakuwahi kuzitaja mbele yangu, wala kuniita kaka. Nikaizima taa. Yeye akanitoa ile dunia mkononi, akaimenya, akanipa nusu.

Tarehe yako ya kurudi ni 30 Machi. Tiketi inaruhusu kuibadilisha. Hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Mama yako anakusalimu. Safari hii ametunga mwenyewe.

Mjomba wako